Pangaboi la Sebuleni

Baba Annet,

Fundi umeme atafika saa sita. Zima meni swichi kabla hajapanda juu. Mwambie rimoti moja inawasha mapangaboi yote mawili, la sebuleni na la chumbani kwa Annet, kwa hiyo abadilishe msimbo wa moja zisiingiliane.

Ulipotoka na damu usoni, nilichukua rimoti ya Annet nikabonyeza. Yote mawili yakazunguka. Mtoto alisema kweli. Alisikia joto akawasha lake, hakujua umesimama juu ya meza unafuta vumbi kwenye la sebuleni, likakukata paji. Alilia, "Baba, sikukusudia!" Wewe ukampiga kwa mpini wa ufagio mpaka ukavunjika, na nilipoingilia kati ukanibamiza ukutani.

Mkono wake umevimba, hawezi kukunja vidole. Tumekwenda hospitali, halafu Nyegezi kwa kaka Gosbert. ~~Tutarudi jioni.~~ Hatulali hapo nyumbani.

Hilo jeraha la paji lioshe kwa maji ya chumvi. Ndizi ziko kwenye sufuria, pasha mwenyewe.

Usitufuate. Ukija, utakutana na kaka mlangoni, na safari hii sitamshika mkono kumzuia.

Mama Annet