Kilomita Tisini na Mbili

Kochkor,
Jumapili, 10 Februari 2013

Kaka yangu Turdubek,

Salamu zikufikie huko Yekaterinburg, wewe na wenzako mnaolala chumba kimoja. Mgongo unaendeleaje? Shemeji Burul anasema kwenye simu unajibu "mzuri" kabla hajamaliza kuuliza, ndiyo maana haamini. Sisi hapa ni wazima. Mama ana kikohozi kidogo, ng'ombe mwekundu atazaa mwezi ujao, na farasi wako amenenepa mpaka anatia aibu, maana hakuna wa kumpanda. Barua hii anakuletea Jengish wa nyumba ya kona, pamoja na mfuko wa vidonge vya maziwa makavu ambao Mama ameufunga kwa mkono wake. Kula kwanza, ndipo usome.

Sikutaka kukueleza haya kwa simu. Simu ingepita kwenye mkongo wetu uleule wa mawasiliano, na mimi nisingefika mwisho wa maneno.

Tangu ripoti ile iliyolaumu maungio yako ikuondoe kazini, tulirudisha mkongo kwenye kasi ya zamani, na watu wakaacha kulalamika. Lakini Jumatatu iliyopita Dada Zuura alituita sote sita ofisini, akafunga mlango. Alisema makao makuu ya Bishkek yametupa mpaka Alhamisi saa sita mchana tuwe tumepandisha kasi tena, bila makosa. Tukishindwa, mteja anahama na kituo chetu kinafungwa. Kisha akasoma amri ya pili: maungio yako yote ishirini na matatu ya uzi wa kioo yafukuliwe yakaguliwe, na likipatikana hata moja baya, jina lako lipelekwe kwa kila kampuni ya mkongo nchini, usishike tena kioo popote, kuanzia Osh mpaka Talas.

Sapar, unamjua mdomo wake, alisema pengine uliunganisha kioo kwa gundi ya viatu. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, Kaka.

Wewe ni mtu wa maungio, hukuwahi kukaa upande wetu wa mashine, kwa hiyo nikueleze kidogo. Mwanga ukienda mbali ndani ya kioo hutanuka. Kila pigo la mwanga linatoka hapa likiwa jembamba, na likifika ng'ambo ya mlima wa Dolon limevimba na kumwegemea mwenzake, mpaka mashine ya kule haijui moja linaishia wapi. Dawa yake ni kile kisanduku tunachokiita kitana. Ndani yake umesokotwa uzi mrefu wa kioo cha namna nyingine, unaoyachana mapigo na kuyarudisha yalivyokuwa. Lakini kila kitana huagizwa kwa urefu wa kioo chake. Cha kwetu kimeandikwa ubavuni: kilomita 92. Na ukiongeza kasi mara nne, kosa dogo la urefu huuma mara kumi na sita.

Jumanne tulianza kufukua. Baridi ilikuwa digrii ishirini na mbili chini ya sifuri, ikabidi tuchome samadi kavu juu ya ardhi ndipo sururu iingie. Kwenye kiungo cha kwanza Sapar alikuwa bado anatania. Kwenye cha pili alinyamaza. Tulipofungua cha tatu aliinama akakitazama kwa muda mrefu, akauliza kama huyu bwana alikuwa anaunganisha kebo au anashona nguo ya harusi. Jioni nikaandika kwenye shajara: "Maungio matatu. Yote safi."

Jumatano tulifika Ak-Bulak, pale penye makaburi. Nguzo za alama zikaiacha barabara na kuzunguka nyuma ya kilima. Mama mmoja alitoka kwenye geti lake na ndoo mkononi, akatuuliza kama sasa tumekuja kufukua na wafu. Sapar alimwuliza kwa nini kebo imepita huko. Akasema, "Muulizeni Turdubek. Wazee walimwomba asiwachimbie waliolala, akazungusha nyuma. Kilomita saba za mawe, wiki tatu, na chai yetu alikunywa akiwa amesimama."

Sapar akanigeukia.

"Ermek, barabara ni kilomita ngapi?"

"Tisini na mbili."

"Na kitana?"

Nilikwenda kukaa ndani ya gari.

Alasiri hiyo nilichukua kipimo na kukipima kioo chenyewe, mara tatu. Ukijumlisha mzunguko wa makaburi, na ile mikunjo unayoiacha kila chemba ili ardhi ikiganda isiikate kebo, ni kilomita mia moja na moja na mita mia mbili. Dada Zuura alitoa stooni kitana cha mia. Alhamisi saa tano na dakika ishirini tulipandisha kasi. Tulisimama mbele ya kihesabu makosa kama watu wanaongoja daktari atoke. Sifuri. Dakika kumi, sifuri. Saa sita kamili mchana, bado sifuri. Sapar alimkumbatia hata mlinzi.

Dada Zuura hakukumbatia mtu. Alikuwa amekwisha kulitoa faili. Fomu ya urefu, ile iliyotumika kuagiza kitana, ni ya tarehe 14 Juni mwaka jana, na sahihi ni yangu.

Unaikumbuka asubuhi ile. Uliniambia mlangoni, "Barabara haibebi mwanga, dogo. Pima kioo." Nilikwenda, Kaka, lakini kipimo kilizima kwa sababu sikukichaji, na niliona aibu kurudi kusema hivyo. Nilihesabu mawe ya kilomita ya barabarani kupitia dirisha la gari. Makaburi sikuyakumbuka kabisa. Jioni nikaandika kwenye shajara yangu mwenyewe, ambayo hakuna mtu anayeisoma: "Nimepima. 92."

Hilo ni kosa, na labda ungenisamehe kabla chai haijapoa. Lipo jingine.

Tarehe 9 Oktoba, siku moja kabla hujaondoka, nilikuwa zamu peke yangu mchana. Nilitazama mwanga unaofika ng'ambo. Ulikuwa na nguvu zote. Kiungo kibaya hupunguza mwanga, hakivimbishi mapigo, na mimi hilo nalijua. Niliandika: "Mwanga una nguvu. Si maungio. Ni urefu." Kisha nikafunga shajara. Kesho yake nikakubebea begi mpaka kwenye basi, ukanipa kofia yako, ukaniambia nimtunze Mama.

Nilimwambia Dada Zuura yote haya. Akasema, "Kwa hiyo miezi minne umekula mezani na mke wake."

Bishkek wamelifuta jina lako kwenye ile ripoti kwa maandishi. Nakala imo ndani ya bahasha. Nafasi yako ipo kuanzia tarehe mosi Machi. Yangu imekwisha tangu Ijumaa. Mama nilimwambia jana asubuhi. Aliacha kukanda unga, akanawa mikono, akaenda kumlisha farasi wako. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Hayo usiniambie mimi, mwandikie yeye. Na uandike kwa mkono, si unapenda kuandika."

Nimezichana kurasa mbili za shajara, ya Juni na ya Oktoba, nazo zimo humu. Kofia imo kwenye mfuko, chini ya vidonge vya maziwa. Huko unaihitaji kuliko mimi. Ukirudi sitaomba nije kukupokea kituo cha basi. Nitakuwa zizini, ukitaka kuniona.

Mama anakusalimu, Shemeji anakusalimu, na Sapar anasema atakuomba radhi kwa maneno ya gundi, lakini si kwa barua. Utunze mgongo.

Ni mimi mdogo wako,
Ermek

Kioo: kilomita 101, mita 200. Nimepima.