Sayari Moja Tu

Jumatatu, 3 Machi 1997
Mchana, duka limefungwa. Zamu ya mia na arobaini ya mchezo wa kompyuta na bado nina sayari moja. Nimeiita Ngokolo, kama mtaa wetu. Maadui wanne, kila mmoja ana sayari zaidi ya kumi. Binti yetu Yasmini alikuwa akishinda mchezo huu kwa kutawanya watu anga zima. Mimi nina masharti yangu: sayari moja tu, hakuna meli ya wahamiaji, na nikikosea sirudi nyuma. Kompyuta yenyewe ni yake. Aliiacha alipoolewa akahamia Kanada.

Jumatano, 5 Machi
Posta kulikuwa na barua ya Yasmini. Ana mimba ya miezi mitano. Anamtaka mama yake aende kabla hajajifungua, akae naye mwaka mmoja. Najua mwaka huo. Dada yangu alienda kulea mjukuu kwa mwaka mmoja, sasa ni wa kumi na moja. Barua nimeitia kwenye mtoto wa meza, chini ya vipande vya vitambaa. Nimejiwekea nadhiri: nikishinda na sayari moja, naichana na mke wangu anabaki. Nikishindwa, nampa. Utoto, najua.

Ijumaa, 7 Machi
Baada ya sala. Nimeongeza ngome. Wameshambulia mara mbili, wamerudi nyuma. Nilijiona bingwa.
Mama Yasmini kauliza kama kuna barua. Nimesema hamna. Miaka thelathini na moja ya ndoa.

Jumamosi, 8 Machi
Umeme umekatika. Zamu ishirini zimepotea. Uliporudi nikazicheza upya kwa hatua zile zile, hata makosa.

Jumatatu, 10 Machi
Ngokolo imejaa. Chakula hakitoshi, viwandani wamegoma. Luhende, ambaye tumeuza naye vitambaa tangu ujana, alisimama nyuma yangu akitazama. Akauliza mbona siwatafutii pengine. Nikamweleza masharti. Akacheka.
"Sisi kwetu malisho yakiisha tunaswaga ng'ombe, tunahama. Kaka zangu wote wako Geita sasa. Hawa wako umewafungia zizini, mzee."
Nikamfokea akapange majora. Yalikuwa yamepangwa.

Jumanne, 11 Machi
Sikuwasha kompyuta. Babu yangu alitoka India akiwa na miaka kumi na tisa, akafungua duka kijijini Didia. Hakumwona mama yake tena. Habari za babu nimezisimulia mara ngapi, kwa majivuno. Huyo mama sijawahi kumfikiria. Leo nimemfikiria siku nzima. Hata jina lake silijui.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeshinda. Maadui wawili wamemalizana wenyewe, waliobaki wamenipigia kura niwe mtawala wa wote. Sayari moja! Tarumbeta zikalia kwenye kompyuta. Nikatoa barua ili niichane.
Nimeishika muda mrefu. Naogopa kubaki peke yangu, ndiyo basi, hakuna sababu nyingine.
Nilimkuta Mama Yasmini jikoni anachambua mchele. Nikamkabidhi. Akaisoma mara mbili, akageuza bahasha, akatazama muhuri wa posta.
"Imefika lini?"
Nikamwambia.
"Siku nane, Baba Yasmini."
Akarudi kwenye mchele. Naona haya.

Jumapili, 4 Mei
Jana nimemsindikiza Mama Yasmini stesheni, anaanza safari ya Kanada. Hakulia, mimi nililia. Alinishika mkono dirishani mpaka treni ikaanza kwenda.
Ameniachia achari ya embe chupa sita. Luhende kaleta viazi vitamu kutoka kwao Didia, ingawa leo si siku ya kazi. Tumekula na achari.
Alipoondoka nikaanza mchezo mpya. Nimeunda meli moja ya wahamiaji, nimeituma mbali. Zamu kumi hadi ifike. Nimecheza zamu moja, nikazima.