Nyirabageni na Mkungu wa Mavuno

Avelina, kitendawili! Nani kaanguka kanisani leo akainuka mrefu kuliko wote? Nyirabageni!

Tangu mguu wake uharibike akilima vibarua, si hukaa benchi la mwisho? Husema, "Mbele si pa watu kama mimi." Leo, sikukuu ya mavuno, kajitwika mkungu wake wa ndizi mwenyewe, aupeleke mbele.

Hatua mbili kabla ya madhabahu, puu! Ndizi huku, yeye kule. Puu, mwenzangu, miguuni pa mchungaji!

Akainua kichwa: "Baba wa mbinguni, nimefika. Nipokee na ndizi zako!" Mchungaji akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Kokugonza wa kwaya akamshika mkono: "Bibi, twende nikurudishe nyuma."

"Nirudi nianguke tena? Hebu sogea!"

Akakaa benchi la mbele mpaka baraka ya mwisho.