Mdudu kwenye jino la mfalme

Anitha, kaa chini kwanza. Leokadia amekemea herufi ya Kichina darasani, mbele ya watu wote!

Mwalimu Lin alichora ubaoni herufi ya kale ya jino lililooza: mdomo, meno, na mdudu ndani. Akasema ilichongwa kwenye mfupa wa kupigia ramli zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Mfalme wa huko aliumwa jino, akataka kujua ni nani kati ya marehemu babu zake aliyemkasirikia.

Leokadia, shavu limevimba kama andazi, akasimama. "Mdudu huyu namjua! Ashindwe kwa jina la Yesu!"

Ashindwe, Anitha. Anaukemea ubao!

Mwalimu akalitazama lile shavu. "Dada, unaumwa tangu lini?"

"Wiki tatu. Tunafunga. Tunamuuliza Mungu nimemkosea nani."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akakaa, machozi yakamtoka, akaninong'oneza, "Violet, kumbe mimi ndiye yule mfalme."

Na mfungo ule niliuitisha mimi. Mimi!

Tuko garini, bado hatujatoka chuoni, anatetemeka kwa homa. Nampeleka hospitali sasa hivi. Wewe omba, lakini omba huku unakoroga uji, maana akishang'olewa jino atakuja kufungua mfungo kwako.