Gonbei na Moshi wa Mlangoni

Kanuma, 2 Agosti

Mwanangu Teruhiko,

Hujambo? Mimi sijambo, ila joto na magoti vinanisumbua. Tangu tumzike baba yako hujatoka chumbani, nami nakujulia hali kwa karatasi chini ya mlango, kana kwamba unaishi mji mwingine. Chura wako Gonbei anaendeleaje? Nimemletea nyenje wa dukani, wazima wanarukaruka. Wewe nawe kula wali wako, maana huyo chura anakushinda kwa adabu ya mezani.

Mama yako

4 Agosti

Shikamoo Mama,

Sote wazima. Maji ya bomba ya Gonbei yaache yakae kutwa kwenye ndoo kwanza, dawa yake itoke. Chura hanywi kwa mdomo, anakunywa kwa ngozi. Ila nyenje kawachoka. Anataka nyungunyungu wa bustanini. Sikukuu ya Bon ikifika, wafu wakirudi nyumbani, nitatoka nimchimbie mwenyewe. Nikiwa huko nje nitamwashia na baba udi. Humu mbu wananimaliza.

Mwanao

5 Agosti

Mwanangu,

Habari za tangu jana? Barua yako imeniliza kwa furaha, sikufichi. Jembe dogo nimelinoa. Hao mbu niachie mimi: nimewasha dawa ya mbu hapa mlangoni pako, na moshi naupepea uingie ndani. Nitawasha kila jioni mpaka Bon.

Mama yako

7 Agosti

Mama,

Leo sina shikamoo. Gonbei amekufa. Alianza kutetemeka miguu, akashindwa hata kumeza. Ile dawa inaua wadudu, naye alikuwa anaivuta kwa ngozi nzima. Najua ulinionea huruma, ndiyo maana siwezi hata kukukasirikia. Sina tena cha kunitoa humu.

Mwanao

17 Agosti

Mwanangu,

U hali gani? Bon imepita. Udi wa baba yako nimeuwasha peke yangu. Dawa nimeitupa yote. Nilichimba nyungunyungu nikawaweka mlangoni, sijui nilikuwa nawaza nini.

Chakula hukigusi. Leo nimepiga magoti kukusukumia barua hii, ikagota. Umeziba ufa wa chini ya mlango kwa ndani. Nitukane, mwanangu, nitashukuru, bora nikusikie. Nimejaribu kukuita kwa mdomo, sauti haikutoka. Tumezoea karatasi mno. Basi nimekaa hapa sakafuni naendelea kuiandika, na sina pa kuipitishia.

Mama yako