Nimeificha Mita ya Umeme na Mifugo Inakufa

Assalamu alaykum dada mshauri. Nakuandikia kutoka karibu na Sangailu, nimechoka kulia na sina wa kumwambia, kwa sababu kila mtu hapa ana mnyama anayekufa na sababu ni mimi.

Mume wangu Abdihafid ndiye fundi wa pampu ya kisima chetu, inayovuta maji kwa sola, na kazi hiyo alikuwa akiifanya na mdogo wake Bishar mpaka kiangazi kilichopita, pampu ilipoanza kuvuta kidogo na Bishar akataka kujua inakula umeme kiasi gani, akakata waya akaunganisha mita katikati ili umeme upite ndani yake, ile mita ndogo ya manjano ya soko la Liboi, ikamlipukia usoni. Moto ulimla macho yote mawili. Sasa anaishi kwetu, chakula namwekea mkononi.

Mwezi huu pampu imesimama kabisa. Kamati ya maji ikanunua mita nyingine, nikaitazama, ni aina ileile, waya nyembamba zilezile, na mume wangu akasema, "Ndiyo iliyopo," basi alipokwenda kuswali nikaichukua nikaizika ndani ya gunia la unga. Aliporudi akaniuliza, "Barwaqo, umeiona mita?" Nikamwambia sijaiona.

Tangu hapo watu wanasema ameiuza, wengine kwamba ameitupa kwa woga. Mzee Jelle, mwenyekiti wa kamati, alimwambia mbele ya wanaume wote, "Mifugo haisubiri woga wako," na mume wangu alirudi nyumbani akalala akiangalia ukuta. Ng'ombe wanaanguka njiani, wanawake wenzangu hawanisalimu.

Bishar haoni, lakini alinisikia nikiizika. Jana akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, nimenyamaza. Lakini mbuzi wanaokufa ni wangu pia, na sina kingine." Nikiitoa nitamzika mume, nikiificha tutakufa kiu. Nifanye nini?

Barwaqo, Sangailu

*

Wa alaykum salaam, Barwaqo. Pole, na Bishar mfikishie pole yangu. Hofu yako si ujinga, aliyeona uliyoyaona lazima aogope. Lakini uongo wako umemvua mumeo heshima mbele ya wanaume wenzake, na hukuwa na haki hiyo. Leo hii, Bishar akiwapo, itoe ile mita umweleze. Akikasirika, nyamaza umsikilize. Kisha amwite Mzee Jelle, na Bishar ndiye aanze kusema. Nataka nimwone atakayemwita mtu mwoga mbele ya uso ule.

Kuhusu chombo chenyewe, nimemuuliza fundi wa sola hapa Garissa mjini. Anasema paneli zikiungwa kwa safu hufika volti mia kadhaa, kuzidi umeme wa nyumbani, na moto wake ukishawaka kati ya waya hauzimiki wenyewe. Kwa hiyo msikate waya tena. Kupima mkondo, yaani umeme unaopita, nunueni mita yenye taya, inayoukumbatia waya mmoja kwa nje bila kuuchuna ganda lake, na muulizeni muuzaji kama inasoma umeme wa DC, ule wa sola, maana nyingi husoma wa jenereta tu. Ya kupima volti iwe imeandikwa CAT III, ambayo ni alama ya usalama, na volti elfu moja, kwenye mita na kwenye waya zake pia, kwani mita nzuri ikifungwa waya mbovu huua vilevile. Na kwa kuwa hata feki huandikwa hivyo, msiinunue kwenye turubai la sokoni. Nendeni duka la vifaa vya umeme linalotoa risiti, na mwombe ofisi ya maji ya kaunti iwape fundi wa kuikagua mita hiyo.

Kamati iombe lori la maji leo, si kesho. Huenda lisifike upesi. Sitakudanganya, dada: wanyama wengine watakufa mkisubiri, mbuzi wa Bishar wakiwamo, na mtalaumiwa ninyi. Bebeni lawama hiyo. Mpaka chombo cha maana kifike, Abdihafid asilifungue boksi la umeme la pampu, hata akitukanwa na kijiji kizima.