Mkwe Kaondoka Bila Kula

Kwaluguru, Jumatano usiku

Mdomo huu utaniua.

Mkwe wangu, fundi wa simu ya waya ya Wadachi kule Korogwe, alikaa barazani akimfundisha mkewe, binti yangu Mwanaidi, hesabu za kazi yake. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, maana kwetu mama mkwe hamsemeshi mkwe wake.

"Volti sita, ampea mbili. Ukinzani wa waya ni ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Hapo umezidisha, umepata nguvu. Ukitaka ukinzani, gawa volti kwa ampea."

Mwanaidi akatafuna kucha mpaka nikachoka.

"Tatu, kichwa kizito wewe," nikasema kwa sauti. "Na wewe baba, mfundishe polepole."

Mkwe akainuka na aibu yake, akachukua kofia, akashika njia. Mwanaidi akambeba mwanawe mgongoni.

"Mama, umemsemesha mume wangu," akasema, akamfuata.

Sijui kama watarudi. Mjukuu wangu alikuwa amelala, hata kuniaga hakuniaga.

Kuku niliyewapikia yumo chunguni, sijamgusa.

Jibu ni tatu, hilo silirudishi nyuma. Lakini heri ningelilimeza.